Huduma ya afya inayogharamiwa na kodi: tuanze kurekebisha wapi?

Mlipakodi (swali)

Ndugu wanajukwaa,

Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo kila serikali yenye huduma ya afya inayogharamiwa na kodi hulikuta mezani mapema au baadaye. Nazungumzia mfumo ambao mgonjwa hatoi fedha pale anapohudumiwa, hospitali nyingi ni mali ya umma, na gharama zote hutoka katika bajeti ya serikali. Mfano unaotajwa zaidi ni Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, iliyoanza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan. Italia iliifuata njia hiyo mwaka 1978, Ureno mwaka 1979, na Brazil ikaiandika haki ya afya katika katiba yake ya mwaka 1988.

Waasisi wa mifumo hii walikuwa na matumaini ambayo leo yanashangaza kidogo. Ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, ambayo ndiyo iliyoandaa njia kwa Waingereza, ilikadiria kwamba gharama ya huduma za afya mwaka 1965 ingekuwa ileile ya mwaka 1945, kwa hoja kwamba watu wakitibiwa vizuri wagonjwa watapungua. Kilichotokea ni kinyume chake: watu wameishi muda mrefu zaidi, wakazeeka wakiwa na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo kwa pamoja, na tiba mpya zimekuwa zikibuniwa kila mwaka. Bajeti huongezwa, na foleni nazo hurefuka.

Katika mijadala nimekuwa nikisikia mapendekezo matatu yakirudiwa: kwamba wagonjwa wachangie gharama ili wasiende hospitali kwa kila kikohozi, kwamba hospitali zishindanishwe, pamoja na za binafsi, au kwamba mfumo mzima uvunjwe na kuundwa upya. Swali langu ni dogo kuliko linavyosikika. Kama waziri wa afya angekuwa na muhula mmoja wa bunge na nyongeza ndogo tu ya fedha, aanze na kipi, na kipi asikiguse kabisa? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi ndani ya mifumo hii, na ningeshukuru kama kila hoja itakuja na mfano wa mahali ilipojaribiwa.

Muuguzi wa Wodi

Ndugu Mlipakodi, nimefanya kazi wodini kwa muda mrefu, upande wa wazee na wa magonjwa ya ndani, na jibu langu ni kwamba waziri huyo aanze na mlango wa kutokea.

Watu wengi wakiona magari ya wagonjwa yamepanga mstari nje ya idara ya dharura hudhani kwamba tatizo liko hapo mlangoni, yaani wagonjwa wamekuwa wengi mno au wahudumu wa mapokezi ni wachache. Mara nyingi sivyo. Mgonjwa amelala kwenye machela kwa sababu hakuna kitanda wodini, na hakuna kitanda wodini kwa sababu yuko mama mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, ambaye daktari amekwisha mwandikia ruhusa lakini hawezi kuondoka. Nyumbani kwake kuna ngazi, hakuna wa kumsaidia kuoga na kuvaa, watoto wako mbali, na ofisi ya ustawi wa jamii inayotakiwa kumpangia msaidizi haina mtu wa kumpangia. Mama huyu haumwi tena. Anakaa hospitalini akisubiri, na kila siku anayokaa kitandani misuli yake inazidi kulegea, hatari ya kupata maambukizi ya hospitali inaongezeka, na uwezekano wa kurudi kujitegemea unapungua. Kwa hiyo kumchelewesha hakumdhuru aliye kwenye machela peke yake. Kunamdhuru na yeye mwenyewe.

Ripoti ambayo Lord Darzi, daktari wa upasuaji, aliikabidhi serikali ya Uingereza Septemba 2024 ilisema kwamba takriban asilimia 13 ya vitanda vya huduma ile vilikuwa na watu wanaosubiri msaada wa ustawi wa jamii au mahali pengine panapofaa zaidi hali yao. Hicho ni kama kitanda kimoja kati ya vinane. Ongeza hapo jambo ambalo watafiti walilionyesha kwa hesabu mwaka 1999: hospitali inapotumia wastani wa zaidi ya asilimia 85 ya vitanda vyake, uwezekano wa kukosa kitanda kwa mgonjwa wa dharura huanza kuonekana, na unapanda kwa kasi kadiri wastani unavyosogea juu. Sababu ni kwamba wagonjwa hawaji kwa mpangilio. Siku moja wanakuja kumi, kesho wanakuja ishirini na watano, na hospitali isiyo na nafasi ya ziada haina pa kuiweka siku ile mbaya. Msimamizi anayejisifu kwamba vitanda vyake vimejaa kwa asilimia 97 anajisifia ugonjwa. Ukivirudisha vitanda vile kimoja kati ya vinane, hujajenga hata ukuta mmoja, lakini umeipa hospitali nafasi ya kupumua.

Mfano wa mahali ilipojaribiwa upo. Sweden, kuanzia Januari 1992, ilihamishia matunzo ya wazee na nyumba za uuguzi kwenye manispaa, na ikaweka sharti kwamba mgonjwa ambaye tiba yake ya hospitali imekwisha lakini bado amelala wodini, gharama ya kitanda chake ni ya manispaa. Hapo awali mamlaka zilizoendesha hospitali ndizo zilizobeba mzigo huo huku manispaa zikiwa hazina sababu ya kuharakisha. Baada ya sheria, manispaa zilijikuta zikilipia kitanda cha hospitali ambacho ni ghali kuliko msaidizi wa nyumbani, na katika miaka michache idadi ya wagonjwa wa aina hiyo ilishuka sana. Denmark nayo, katika mageuzi yake ya mwaka 2007 yaliyopunguza manispaa kutoka 271 hadi 98, ilizifanya manispaa zichangie gharama za wakazi wao wanaolazwa.

Kuna upande wa pili ambao lazima niuseme. Wagonjwa wa Sweden walianza kuruhusiwa wakiwa bado dhaifu kuliko zamani, na mzigo wa kuwahudumia ukawaangukia wafanyakazi wa manispaa wasio na mafunzo ya kutosha. Na Uingereza ilipoiga wazo hilo kwa sheria ya mwaka 2003, ikazitoza faini halmashauri zinazochelewesha wagonjwa, ilisahau kwamba manispaa za Sweden zinakusanya kodi yao wenyewe ya mapato, wakati halmashauri za Uingereza kwa kiasi kikubwa hutegemea kile ambacho serikali kuu inawapa. Kumtoza faini mtu asiye na fedha hakumfanyi awe na fedha.

Nikikuambia ukweli, sioni kama wanasiasa watalipenda pendekezo hili. Idara mpya ya dharura ina utepe wa kukata na kamera za kupiga picha. Msaidizi anayekwenda kumwogesha mzee saa moja asubuhi hana utepe.

Mchumi wa Afya

Nakubaliana na Muuguzi kuhusu mahali pa kuanzia, kwa hiyo nitajibu sehemu ya pili ya swali, kile ambacho waziri asikiguse. Kwangu ni ada ya wagonjwa.

Hoja ya ada inavutia kwa sababu inaonekana kama akili ya kawaida: kitu cha bure hutumiwa ovyo, kwa hiyo kiwekewe bei ndogo. Suala hili lilifanyiwa jaribio kubwa nchini Marekani na taasisi ya utafiti ya RAND kati ya mwaka 1974 na 1982, ambapo familia zilipangwa kwa bahati nasibu, nyingine zikatibiwa bure na nyingine zikachangia viwango tofauti. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipunguza huduma zenye manufaa karibu sawasawa na zile zisizo na manufaa. Hii inaeleweka ukifikiri kidogo: mgonjwa hajui kama maumivu ya kifua chake ni kiungulia au ni moyo, na ndiyo maana anakwenda kwa daktari. Kwa mtu wa kawaida mwenye afya nzuri tofauti haikuonekana sana; kwa maskini waliokuwa na shinikizo la damu, waliotibiwa bure walidhibitiwa vizuri zaidi.

Upande wa mapato nao hauridhishi. Uingereza ilianza kutoza ada ya dawa mwaka 1952, ikaifuta mwaka 1965, ikairudisha mwaka 1968 ikiwa na orodha ndefu ya misamaha: watoto, wazee, wajawazito, wenye kipato kidogo, wenye magonjwa fulani ya kudumu. Matokeo yake ni kwamba huko England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, takriban dawa tisa kati ya kumi zinazotolewa hazilipiwi na mgonjwa, na waliobaki wanalipa ada ambayo ni tone tu katika bajeti. Wales iliifuta kabisa mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010 na Scotland mwaka 2011. Thailand, iliyoanzisha mpango wake maarufu wa baht 30 (fedha ya nchi hiyo) kwa kila ziara mwaka 2001, iliifuta ada hiyo mwaka 2006 na kuirejesha kwa sehemu mwaka 2012, na mpango wenyewe haukuanguka ilipoondolewa wala haukutajirika iliporudi. Ukiwaondoa wote wanaostahili msamaha, unabaki na ada isiyokusanya kitu. Usipowaondoa, unawazuia wale hasa ambao mfumo uliundwa kwa ajili yao.

Sitaki kutia chumvi. Norway na Sweden hutoza ada ndogo zenye kikomo cha mwaka, na hakuna anayeweza kusema kwamba mifumo yao imeharibika. Ninachosema ni kwamba waziri mwenye muhula mmoja asiipoteze nguvu yake ya kisiasa katika vita ambavyo hata akivishinda hatapata fedha za maana.

Mpenda Ushindani

Wenzangu, naona mnalizunguka jambo lenyewe. Hospitali ambayo mgonjwa wake hana pengine pa kwenda haina sababu ya kujirekebisha. Fedha zimfuate mgonjwa, na hospitali iliyo hodari ipate zaidi. Bila hivyo mtaendelea kumsihi mkurugenzi awe na huruma, na huruma si mfumo wa uendeshaji. Mnasemaje kuhusu hilo?

Mchumi wa Afya

Ndugu Mpenda Ushindani, jambo hili lina majibu mawili, na yote yametoka katika nchi moja, jambo ambalo ni bahati kwetu sisi tunaosoma takwimu.

Mara ya kwanza, baada ya sheria ya mwaka 1990, Uingereza iliwatenganisha wanunuzi wa huduma, yaani mamlaka na madaktari waliolipia tiba kwa fedha za umma, na watoaji, yaani hospitali, na bei zikawa za kujadiliana. Wanunuzi waliweza kuiona bei na muda wa kusubiri, lakini ubora wa tiba ulikuwa haupimwi waziwazi. Hospitali zilishindana kwa vile vilivyoonekana: muda wa kusubiri ulipungua katika maeneo yenye ushindani mkubwa, na vifo vya wagonjwa wa mshtuko wa moyo vikaongezeka. Mara ya pili, kuanzia mwaka 2006, bei zilipangwa na serikali na zikawa sawa kote, mgonjwa akaruhusiwa kuchagua hospitali, na taarifa za ubora zikaanza kuchapishwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha vifo vya mshtuko wa moyo vikishuka kwa kasi zaidi mahali penye hospitali nyingi za kuchaguliwa.

Kwa hiyo ushindani una matokeo, na matokeo hayo yanategemea kile ambacho mshindani anaruhusiwa kukipunguza. Bei ikiwa huru na ubora ukiwa gizani, kitakachopunguzwa ni ubora. Hata hivyo, faida zile za mara ya pili zinahusu magonjwa yanayotibiwa yakaisha na maeneo ya miji yenye hospitali karibu karibu. Mzee wa Muuguzi, mwenye magonjwa manne na asiyeweza kusafiri, hachagui chochote. Wala hospitali mbili zinazoshindana hazina sababu ya kupeana taarifa zake.

Kuna kichocheo kingine kilichofanya kazi na ambacho watu wa upande wangu hukidharau: malengo ya lazima. Miaka ya mwanzo ya 2000, England iliweka viwango vya muda wa kusubiri na kuwawajibisha wakuu wa hospitali hadharani, wakati Wales haikufanya hivyo kwa ukali ule. Foleni za England zilishuka kwa kasi zaidi. Madhara yalikuwepo pia. Sharti la kumhudumia mgonjwa wa dharura ndani ya saa nne liliwafanya wengi wapatiwe uamuzi katika dakika za mwisho kabla ya saa ya nne kugonga, na hospitali nyingine zilishughulika na takwimu kuliko na mgonjwa. Mimi ningeyaweka malengo, lakini machache, na ningepima pia kile kinachotokea siku 30 baada ya mgonjwa kuondoka.

Mhasibu wa Serikali

Naongeza mambo mawili ya kihasibu ambayo hayapendezi kusoma lakini ndiyo yanayoua mageuzi.

La kwanza ni fedha za maendeleo, yaani za majengo, mitambo na kompyuta. Bajeti inapobana, waziri wa fedha hakati mishahara kwa sababu wauguzi watagoma kesho. Anakata fedha za kukarabati paa kwa sababu paa halitavuja mpaka mwakani. Katika miaka ya 2010 England ilihamisha mara kadhaa fedha za maendeleo kwenda kwenye matumizi ya kila siku, na leo limbikizo la matengenezo yaliyoahirishwa katika hospitali zake limezidi pauni bilioni 11. Daktari bingwa anayesubiri mashine ya picha iliyoharibika analipwa mshahara kamili. Ndiyo maana nchi inaweza kuongeza madaktari na bado ikahudumia wagonjwa walewale. Kama waziri ana nyongeza ndogo tu, sehemu yake aifungie katika fungu la maendeleo kwa sheria, lisichotwe katikati ya mwaka.

La pili ni kuunda upya, na hapa namjibu Mlipakodi moja kwa moja: hicho ndicho cha kwanza ambacho waziri asikiguse. Huduma ile ya Uingereza ilipangwa upya mwaka 1974, ikapangwa tena kwa sheria ya mwaka 1990, kisha kwa sheria ya mwaka 2012 iliyounda NHS England, chombo cha kitaifa cha kuisimamia huduma hiyo huko England, na vikundi vya ununuzi wa huduma vilivyoongozwa na madaktari. Vikundi hivyo vilifutwa Julai 2022, na Machi 2025 serikali ikatangaza kwamba NHS England yenyewe itavunjwa. Kila mara watu hulipwa viinua mgongo, hubadilisha mihuri na majina ya ofisi, huomba upya kazi walizokuwa nazo, na kwa miaka miwili au mitatu hakuna anayejua nani anasaini nini. Mpango wa kitaifa wa kompyuta wa mwaka 2002 ulikuwa na kasoro hiyohiyo ya kupangwa kutoka juu kwa wote kwa mara moja. Ulivunjwa mwaka 2011 baada ya kutumia mabilioni ya pauni, na hospitali nyingi zikabaki bila kumbukumbu zinazosomana.

Mlipakodi

Nawashukuru nyote. Nimejifunza mengi, lakini nimebaki na fundo moja. Wote mnaelekea kusema fedha ziende nje ya hospitali, kwenye matunzo ya nyumbani na labda kwenye vituo vya afya. Nikiwa waziri, nitazitoa wapi? Hospitali zimejaa leo. Nikipunguza bajeti yake ili nilipe wasaidizi wa nyumbani, wagonjwa watalundikana kabla wasaidizi hawajaajiriwa. Je, yupo aliyewahi kulivuka daraja hilo?

Daktari wa Kituo cha Afya

Umeuliza swali ambalo wengi huliruka. Serikali kadhaa za Uingereza, za vyama vyote viwili vikubwa, ziliahidi kuhamishia huduma karibu na makazi ya watu. Ripoti ileile aliyoitaja Muuguzi inaonyesha kwamba sehemu ya bajeti iliyokwenda hospitalini ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2006 hadi asilimia 58 mwaka 2021. Kila aliyeahidi alifanya kinyume, na sababu ni ile uliyoitaja: hospitali ina mgonjwa anayeonekana leo, kituo cha afya kina mgonjwa ambaye hajaugua bado.

Kwa hiyo usianze kwa kuhamisha kilichopo. Gawa nyongeza tu. Bajeti ya hospitali ilindwe isipungue kwa thamani halisi, na kila shilingi mpya inayozidi hapo iende kwanza kwenye huduma za msingi na za nyumbani, kwa kifungu cha sheria ambacho mkurugenzi wa hospitali hawezi kukipinda wakati wa msimu wa mafua. Mwanzoni utalipia mara mbili, na waziri awaambie wabunge hivyo mapema, asiwaahidi akiba katika mwaka wa kwanza. Mipango mingi ya aina hii ilikufa kwa sababu ilipitishwa kwa ahadi kwamba itajilipia yenyewe ndani ya miezi kumi na minane.

Sasa fedha hizo zifanye nini? Mimi ningezitumia kumrudishia mgonjwa daktari wake. Norway ilianzisha mwaka 2001 utaratibu ambao kila mkazi husajiliwa kwa daktari mmoja mwenye jina. Watafiti walipochunguza kumbukumbu za watu wapatao milioni 4.5, walikuta kwamba wale waliokuwa na daktari yuleyule kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini, walikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa dharura uliopungua kwa takriban asilimia 28, na wa kufariki uliopungua kwa takriban robo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba daktari peke yake ndiye aliyeleta tofauti, lakini mimi ninayekaa kwenye kiti hicho naiona njia yake kila siku. Daktari anayemjua mgonjwa hahitaji vipimo sita kutambua kwamba leo hali yake si ya kawaida, na mgonjwa anayemwamini daktari anakubali kusubiri wiki moja kuona kama maumivu yataondoka. Mageuzi mengi ya siku hizi yanakwenda upande mwingine: yanampa mgonjwa miadi ya haraka na mtu yeyote aliyepo, kwa simu au programu, kisha yanashangaa kwa nini rufaa za kwenda hospitali zimeongezeka.

Brazil ina funzo jingine. Tangu mwaka 1994 imekuwa ikijenga timu za afya ya familia, kila moja ikiwa na daktari, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wanaotoka katika mtaa huohuo, na wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba, kwa anayeumwa na asiyeumwa. Vifo vya watoto wachanga na kulazwa kwa magonjwa yanayoweza kutibiwa mapema vilipungua mahali timu hizo zilipoenea. Mtaa wa Pimlico mjini London umeujaribu mtindo huo. Nafurahi kuona safari hii mwanafunzi ni Mwingereza.

Tahadhari yangu ni kuhusu mahali pa kuzipeleka timu hizo. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi. Ukigawa fedha mpya kwa kufuata vituo vilivyopo, zitakwenda kwa matajiri wenye vituo vingi na madaktari wa kutosha. Zigawe kwa kufuata vifo vya mapema na umri wa wakazi, na ukubali kwamba wabunge wa maeneo yenye nafuu watakuja ofisini kwako wakiwa wamekasirika.

Muuguzi wa Wodi

Daktari amesema vyema, na sipingi hata neno moja kuhusu thamani ya daktari anayekujua. Ila napinga mpangilio. Daktari wa familia huchukua takriban miaka kumi kumwandaa tangu aingie chuoni, na waziri wetu ana muhula mmoja. Akizitanguliza fedha kwa madaktari, atawachukua kutoka hospitalini au kutoka nchi nyingine, na pengo litakuwa limehamia mahali pengine.

Msaidizi wa nyumbani anaweza kufundishwa kwa wiki chache na kuanza kazi mwaka huohuo. Wengi wao huacha kazi kwa sababu wanalipwa sawa na muuza duka, au pungufu, na muda wanaotumia kutoka nyumba moja kwenda nyingine mara nyingi haulipwi kabisa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ningepandisha mshahara wao na kuwalipa muda wa njiani, kisha ningeweka sharti la Sweden juu ya halmashauri, lakini baada ya kuzipa fedha za kulitekeleza. Vitanda vikianza kufunguka mwaka wa pili, shinikizo la dharura litapungua, na hapo ndipo nyongeza ya mwaka wa tatu inaweza kwenda kwenye vituo vya Daktari bila hospitali kuinyang'anya. Mhasibu atusaidie hapa: je, fungu la namna hiyo, linalobadilisha mpokeaji kati ya mwaka wa pili na wa tatu, linaweza kufungwa katika sheria moja ya bajeti, au litahitaji kupelekwa bungeni kila mwaka?

Mhasibu wa Serikali

Nchi nyingi hupitisha matumizi kila mwaka, kwa hiyo sheria ya bajeti pekee haitoshi. Bunge la mwaka wa tatu haliwezi kuzuiwa na lile la mwaka wa kwanza kubadili mawazo. Linalowezekana ni sheria ya kudumu ya huduma za afya inayotaja uwiano wa chini kwa kila fungu na kumlazimisha waziri alieleze bunge kwa maandishi, kabla ya mwaka kuanza, endapo anataka kushuka chini ya uwiano huo. Haimzuii kabisa, ila inamnyima nafasi ya kufanya hivyo kimyakimya mwaka wa fedha ukikaribia kwisha, wakati ambao fedha za aina hii hupotea.

Kuhusu mishahara ya wasaidizi, msiiweke katika fungu la mradi. Mradi una tarehe ya kwisha, na msaidizi akiijua tarehe hiyo ataanza kutafuta kazi nyingine miezi sita kabla. Iingizwe katika ruzuku ya kawaida ya halmashauri tangu mwaka wa kwanza, hata kama kiasi chenyewe kitakuwa kidogo kuliko ambacho mradi ungeweza kutoa.